SOMO: Kufuatilia moshi wa viwanda mtaani kwenu (na maswali yenu)

Wadau habarini. Kwetu Changamwe, Mombasa, ukianika shuka jeupe asubuhi, saa nane ukienda kulianua lina vidoti vyeusi, ukipangusa kwa kidole vinapaka kama masizi ya sufuria, na ukilalamika unaambiwa lete ushahidi. Sasa ushahidi wenyewe unatengenezwa hivi.

1. Anzeni na daftari, mashine baadae. Andika tarehe, saa moshi ulipoanza na ulipokata, rangi, harufu (mayai viza, kiberiti, plastiki inayoungua), nani alikohoa usiku. Na siku ambazo hewa ilikuwa safi pia andika jamani, manake daftari la siku mbaya tupu hakuna atakaeliamini.

2. Upepo. Funga kitambaa chepesi juu ya mti uone unavuma kutoka wapi. Kusi inapeleka moshi kwa nyumba za upande mmoja wa kiwanda, kaskazi ikiingia unawageukia wa upande wa pili, kwa hivyo tafuteni nyumba nne tano kuzunguka kiwanda, hata zile upepo unakotokea, hizo ndo zitaonyesha hewa ilikuwaje kabla haijapita kiwandani. Hapa ndo wengi wanakosea, wanapima upande mmoja tu.

3. Mashine. Zile ndogo zinapima vumbi laini, PM2.5. Itundike nje, juu kidogo ya kichwa cha mtu, mbali na jiko la mkaa na jaa. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema wastani wa masaa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo. Asubuhi yenye umande inasoma juu kuliko ukweli, kwa hivyo usikimbie na namba moja, linganisha wiki kadhaa na daftari.

4. Pelekeni malalamiko NEMA (mamlaka ya serikali ya mazingira) kwa maandishi, na nakala yenu igongwe muhuri.

MASWALI

Swali: Mwalimu, hiyo mashine itaonyesha madini ya risasi (lead)?
Jibu: Hapana dada, inahesabu vumbi tu, haijui vumbi la nini. Risasi inapimwa kwa damu na udongo. Kule Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, vipimo vya damu ndo vilifichua mambo, na 2020 mahakama ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3.

Swali: Mimi mpangaji tu na sijaugua, naeza kwenda kortini?
Jibu: Unaeza kaka. Katiba kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinasema si lazima uonyeshe kuna mtu ameumia.

Swali: Mume wangu anafanya kazi humo humo kiwandani, naogopa atafutwa.
Jibu: Pole mamangu, nakuelewa. Kwenye daftari nyumba yako iite B, majina yaandikwe karatasi nyingine akae nayo mama mmoja mnaemwamini nyote. Na usione uko peke yako, Phyllis Omido aliepigania Owino Uhuru alikuwa ameajiriwa kwenye kile kile kiwanda, mpaka mwanawe akaugua.