Namna ya Kumpata Mlezi wa Kitaaluma Katika Maabara

Mtaalamu chipukizi wa maabara ya tiba anapotafuta mlezi wa kitaaluma, mara nyingi humwendea mwenye cheo kikubwa. Ningemshauri amtafute kwanza yule ambaye, mashine ikitoa jibu lisiloelekea kuwa la kweli, hulizuia lisiende wodini hadi ajue sababu.

Nilipokuwa mwanagenzi, mashine ilitoa potasiamu ya milimoli 8.9 kwa lita, kiwango kinachoweza kusimamisha moyo, ilhali mgonjwa alikuwa amekuja kwa miguu yake, hana dalili yoyote. Mlezi wangu aliinua tyubu kwenye mwanga, akaona seramu ni ya manjano, haina wekundu wa chembe za damu zilizopasuka, ambazo zingeweza kupandisha potasiamu, kisha akaniagiza nipime kalsiamu katika sampuli ileile. Ilikuwa chini mno. Hapo akanieleza kwamba huenda damu ilimiminwa kutoka tyubu ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA ya chumvi ya potasiamu, kemikali ya kuzuia damu isigande, ambayo huongeza potasiamu na papo hapo huifunga kalsiamu. Alipiga simu wodini mara moja, akaomba sampuli mpya kwa dharura, akamweleza muuguzi chanzo cha kosa bila kumkaripia. Katika dakika zile chache nilijifunza kemia, tahadhari na adabu ya kazi kwa pamoja.

Ukishampata mtu wa namna hiyo, usimwombe tu akulee; mwombe jambo mahususi, kwa mfano nusu saa kila wiki ya kupitia pamoja chati za Levey-Jennings, zinazoonyesha mwenendo wa kontroli, yaani sampuli za kiwango kinachojulikana zinazopimwa ili kuhakiki mashine. Nenda kwake na swali ulilokwisha kulifanyia kazi: kontroli ikitoka nje ya mipaka, mweleze umeona nini, unashuku nini na umekagua nini, iwe ni kitendanishi kipya (kemikali ya kupimia), kalibresheni (usawazishaji wa mashine) au joto la friji. Kurudia kontroli hadi ikubali, bila kutafuta sababu, ni tabia mbaya ambayo huota mizizi upesi kwa mwanafunzi asiye na wa kumkanya.

Mtazame pia anavyotenda madogo. Akikosea katika rejista hukata mstari mmoja unaoacha maandishi ya awali yasomeke, akaweka saini na tarehe. Akitoa jibu la hatari kwa simu humtaka mpokeaji alisome tena. Na majibu ya mgonjwa hayataji nje ya maabara, hata kwa ndugu. Kosa lako mwenyewe mpelekee katika zamu ileile, kabla daktari hajaandika dawa.

Na ikitokea mlezi huyohuyo akakuambia uruke kontroli kwa kuwa foleni ni ndefu, mwombe mzungumze faraghani, umweleze kwa heshima kwamba hutaweza kutia saini majibu hayo.