Mabomu ya moshi ya maonyesho: nenda Katwe ukakereze

Ferret, lile gari dogo la deraya la Waingereza, likiwa la maonyesho bila mabomu ya moshi ni kama mzee mwenye mapengo. Pale mbele kuna mabomba sita ya kurushia mabomu hayo, matatu kila upande, na watoto wakija kutazama gari ndimo wanamochungulia kwanza. Mwenye gari lazima atakuuliza: "Fundi, mabomu ya kujazia humu tutapata wapi?"

Mimi namjibu: Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, kwa wanaokereza mbao. Ganda la bomu la kweli usilitafute, hata muuzaji akuapie kwamba ni tupu. Mabomu ya zamani ya Waingereza yalijazwa fosforasi nyeupe, nayo hujiwakia yenyewe ikiguswa na hewa, joto likifika nyuzi 30 hivi. Hapo ni mchana wa kawaida tu wa Kampala. Mabaki yaliyoganda kwenye mshono utayaonaje?

Pima upana wa bomba kwa ndani, kwa vernia (kile kipimo cha taya), usikisie. Ya gari letu yalikuwa milimita 66. Seti ya kwanza niliikereza 66 kamili, mti wa musizi, nikajisifu. Mvua za Aprili zikaja, mbao ikavimba, mawili yakagoma kutoka. Nilishinda siku nzima nikiyatoboa kwa dreli na kuchokoa vipande kwa patasi. Sasa nakereza 63, napaka vanishi kote hadi kitakoni, halafu nazungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli juu na chini. Linakaa bila kucheza, na ukilivuta linakuja. Mvule ni mzuri zaidi, ila kwa kitu cha kufichwa bombani ni kutupa pesa. Hata bomba la plastiki la maji la 63, ukiziba kichwa, linafaa.

Rangi fuata picha za gari la aina hiyo, la miaka hiyo. Isiwe ya kung'aa.

Kisha toboa tundu litokee upande wa pili, na kitakoni andika MBAO. Tangu milipuko ya Kampala ya Novemba 2021 askari hawana utani na vitu hivi, na siwalaumu. Gari likiwa barabarani nayachomoa yote, nayaweka kwenye kreti ya soda pamoja na moja nililolipasua katikati. Njia ya Masaka afande mmoja aliniuliza, "Hii nini?" Nikampa ile nusu. Akainusa, akanirudishia.

"Mzee, hizi kuni. Pita."