Kupima msaada wa chakula Lamu: tazama upepo kwanza

Hatua ya 1: Chagua msimu. Mara yangu ya kwanza tulihoji kaya za wavuvi kisiwani Pate mwezi wa Julai, upepo wa kusi umechafua bahari, vyombo vimelala ufuoni. Tukatuma pesa kwa simu, tukarudi Januari. Watu wanakula vizuri! Tukaandika kwamba mradi umefaulu. Mama mmoja wa Faza, hapo hapo Pate, akaniambia: "Mwanangu, huo ni msimu wa kaskazi. Bahari ikitulia, samaki huja hata msipokuja nyinyi." Aliyosema ni kweli, na ripoti ilikuwa imeshatumwa. Ukipima Julai, rudi Julai. Ramadhani nayo ipishe, maana mapishi hubadilika kila nyumba.

Hatua ya 2: Tafuta wa kulinganisha nao. Usimnyime mtu msaada ili upate kupima. Hoji vijiji vya awamu ya pili, vitakavyopata msaada baadaye, siku zile zile unapohoji vya kwanza.

Hatua ya 3: Hesabu alama za mlo. Muulize anayepika: katika siku 7 zilizopita, kila aina ya chakula mmekula siku ngapi? Zidisha siku kwa uzito wake: nafaka 2, kunde 3, mboga 1, matunda 1, nyama au samaki 4, maziwa 4, sukari 0.5, mafuta 0.5. Mfano: ugali au wali siku 7 (14), samaki 3 (12), maharagwe 1 (3), mboga 2 (2), sukari na mafuta kila siku (3.5 na 3.5). Jumla 38.

Hapa wengi hukosea. Kwa kipimo cha kawaida, kuvuka 35 ni mlo wa kutosha. Lakini kwetu chai ya sukari na mafuta ya kupikia ni vya kila siku, hivyo tumia mipaka ya 28 na 42: hadi 28 ni mlo duni, kuvuka 42 ndio wa kutosha. Kaya hiyo bado iko ukingoni. Na kipande cha papa mkavu kilichotiwa mchuzini kwa ajili ya harufu tu, kihesabu kiungo, si samaki.

Hatua ya 4: Aliyegawa asihoji. Watu wana haya, watamsifia.

Hatua ya 5: Rudisha majibu barazani. Waeleze, kisha unyamaze usikilize. Kijiji kimoja tulishangaa alama hazikupanda. Wanawake wakatueleza: pesa zilipoingia, zilikwenda moja kwa moja dukani kulipa deni la unga. Hojaji yetu haikuwa na swali la deni. Sasa ndilo la kwanza.