Jinsi ya Kuisoma Historia ya Coney Island kwa Miguu

Wageni wengi wa Coney Island, kule Brooklyn jijini New York, hushuka kituo cha treni cha Stillwell Avenue, hula mkate wa soseji, hupanda mchezo mmoja au miwili, basi. Hawajui kwamba wamepita juu ya viwanja vya bustani tatu kubwa za burudani, na hakuna hata moja iliyobaki. Ukitaka kuona pwani hii imebadilikaje tangu miaka ya 1880, tembea kutoka mashariki kwenda magharibi, na kila unaposimama ujiulize: ardhi hii ilikuwa ya nani, na kilichokuwapo kiliondokaje? Umbali wote haufiki kilomita mbili.

Kabla hujaondoka

Msimu huanza karibu na Jumapili ya Matawi na kuisha mwishoni mwa Oktoba, na mwanzoni hufunguliwa zaidi wikendi. Angalia ratiba na hali ya hewa asubuhi hiyohiyo, maana mvua na upepo mkali husimamisha mitambo. Lango kuu halipo, wala kiingilio, unalipia unachopanda. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa: Luna Park na gurudumu la Wonder Wheel ni biashara mbili tofauti, na tiketi ya huku haikubaliki kule. Amua kwanza utapanda nini, ndipo ununue.

Mwendo wenyewe

Shuka West 8th Street kwa treni F au Q. Upande wa bahari utaona akwaria ya New York (mahali pa kuonyeshea samaki na viumbe wa majini), iliyofunguliwa hapa mwaka 1957. Kiwanja hiki kilikuwa cha Dreamland, bustani ya majengo meupe iliyofunguliwa 1904. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1911 mafundi walikuwa wakiziba mfereji uliovuja katika mchezo ulioitwa Hell Gate. Balbu zikapasuka, giza likaingia, ndoo ya lami ya moto ikamwagika. Majengo yalikuwa ya mbao na plasta nyepesi, tena upepo wa bahari ulikuwa ukivuma. Kulipokucha, Dreamland haikuwepo. Haikujengwa tena.

Fuata Surf Avenue hadi West 10th Street. Hapa ndipo LaMarcus Thompson alipoweka reli yake ya mteremko mwaka 1884. Abiria walipanda ngazi, wakaketi ubavu, wakateremka kwa mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa, nauli senti 5. Mahali hapohapo leo imesimama Cyclone, rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kuteremka kwa kasi) iliyofunguliwa tarehe 26 Juni 1927: mteremko wa kwanza una mita 26, na mwendo wake hufika karibu kilomita 97 kwa saa. Wengi huiita ya mbao, lakini itazame kwa chini: nguzo ni za chuma, njia ya magurudumu ndiyo ya mbao. Mbao hujaa unyevu na kukauka, boliti hulegea, na chumvi ya bahari hula chuma. Mtambo wa aina hii lazima mafundi waukague kwa miguu kabla ya abiria wa kwanza, na mbao zilizochoka zibadilishwe msimu ukifungwa.

Ukitaka kuipanda, uwe na urefu wa sentimita 137 au zaidi. Viti vya nyuma hukunyanyua zaidi, kwa sababu treni inakuwa tayari imeanza kuvutwa chini wakati wewe bado uko kileleni. Mara ya kwanza keti mbele. Vua miwani, na kama una shida ya mgongo au shingo usijaribu, kwani inatikisa kwelikweli. Miaka ya 1970 ilinusurika kubomolewa ili akwaria ipanuliwe. Ilikarabatiwa na kufunguliwa tena 1975, na tangu 1988 inalindwa na sheria ya jiji.

Sasa geukia ng'ambo ya barabara, penye maghorofa ya makazi. Hapo ndipo ilipokuwa Luna Park ya kwanza, ya Thompson na Dundy, iliyowashwa kwa taa za umeme zipatazo 250,000 mwaka 1903. (Huyu Thompson ni Frederic, si yule wa reli.) Iliungua 1944, miaka miwili baadaye ikafungwa. Luna Park unayoiona upande wa bahari imerithi jina tu. Ilifunguliwa 2010, baada ya jiji kununua ekari karibu 7 kutoka kwa kampuni ya kuendeleza ardhi kwa dola milioni 95.6.

Wonder Wheel, ya 1920, ina urefu wa mita 46 na vibanda 24. Foleni ni mbili, usizichanganye. Vibanda 16 vya rangi huteleza kwenye reli ndani ya gurudumu na kubembea kwa nguvu. 8 vyeupe havitelezi. Kwa somo hili chagua cheupe: ukiwa juu, utaona Surf Avenue, akwaria, maghorofa na bahari kwa pamoja, na ramani nzima itakaa kichwani.

Endelea magharibi kwa njia ya mbao ya ufukweni, iliyofunguliwa 1923. Uwanja wa besiboli wa 2001 umekalia eneo la Steeplechase, bustani ya George Tilyou iliyodumu kuliko zote, 1897 hadi 1964. Hii haikumalizwa na moto. Fred Trump aliinunua ili ajenge maghorofa, akabomoa jumba lake kuu 1966, kisha kibali cha maghorofa hakikupatikana. Kwangu mimi hiyo ndiyo hasara chungu kuliko zote, kwa sababu iliweza kuzuilika. Kilichobaki ni mnara wa miavuli (parachuti) wa mita 76, ulioletwa 1941 kutoka maonyesho ya dunia yaliyofanyika Queens, sehemu nyingine ya New York. Ulihitaji wafanyakazi wengi kwa kila mwavuli, na upepo uliusimamisha mara kwa mara. Leo unawashwa taa tu.

Maliza West 21st Street, kwenye jengo la zamani la mgahawa wa Childs la 1923. Sogelea ukuta utazame samaki, kombe na merikebu za udongo wa kuchoma. Kisha rudi Stillwell Avenue, ambako treni D, F, N na Q huanzia. Ukipandia hapo, kiti hukosi.