Staji ya uongozi wa michezo Lubumbashi: namna ya kujua kama kazi hii ni yako

Wanafunzi wengi huomba staji, yaani mafunzo ya kazini, kwa jina la klabu ya mpira: Mazembe au Lupopo, basi. Omba idara. Aliyekaa miezi miwili kwenye tiketi anajua kama kazi hiyo anaitaka. Aliyekaa miezi hiyo "klabuni" akitumwa fotokopi hurudi fakulte amechoshwa na mpira wote, kumbe kazi yenyewe hajaionja.

Kabla ya kuanza, andika daftarini kazi unayotaka kuifanya baada ya masomo, uipe nia yako alama kati ya 0 na 10, utie tarehe. Usipofanya hivyo, baadaye utajidanganya kwamba ulijua tangu mwanzo. Barua ya fakulte itaje idara, msimamizi na kazi 2 au 3 utakazokabidhiwa. Usiende ligi ikiwa imesimama. Utaona ofisi tu.

Maana siku ya mechi ndiyo staji yenyewe. Omba ufuate mlango mmoja wa uwanja, tangu tiketi zinapotolewa hadi pesa inapohesabiwa. Tuseme mlango umepokea tiketi 500 za faranga 2,000, zikarudi 62. Zimeuzwa 438, kwa hiyo pesa iwe faranga 876,000. Ikipungua, usikimbilie kumtuhumu muuzaji: uliza kwanza kama kuna tiketi za bure zilizotolewa bila kuandikwa, kisha hesabu vishina, vile vipande vya tiketi vinavyobaki mlangoni. Yote yafanyike palepale mlangoni, watu wawili wakitia sahihi. Pesa ikishachanganywa na ya mlango mwingine, pengo halina mwenyewe. Siku ya Mazembe na Lupopo utamaliza usiku, miguu inawaka, na goli umelisikia kwa kelele tu.

Kila Jumatatu toa alama upya, pamoja na sababu yake kwa mstari mmoja. Hapa wengi hukosea: wanachanganya kazi na mahali. Alama ikishuka kwa sababu msimamizi haelezi kitu, au nauli inakumaliza, tafuta klabu nyingine, au shirikisho. Ikishuka kwa sababu wikendi zako zimekwisha, hilo utalikuta kila klabu. Na kutoka 9 hadi 6 si hasara. Ile 9 mara nyingi ilikuwa ya shabiki.

Wiki ya 4 mwoneshe msimamizi daftari, umwombe kazi nyingine. Mwishoni dai cheti kinachotaja ulichofanya, mlango na hesabu zake. Kilichoandikwa "alihudhuria" tu, kirudishe siku hiyohiyo kabla aliyekitia sahihi hajakusahau.