Jinsi ninavyowafundisha wanafunzi wa uuguzi kuandika barua pepe ya kazi

Wanafunzi wetu hapa Tanga wanachati kutwa, lakini wakitakiwa kumwandikia Muuguzi Mfawidhi wa Hospitali ya Bombo wanashikwa na kigugumizi. Kuna anayeandika kama anamtumia shoga yake ujumbe, na kuna anayejaza salamu aya nzima mpaka ombi lenyewe halionekani. Mimi ni mkufunzi, na somo hili nalihesabu kuwa sehemu ya kumhudumia mgonjwa, sawa na kujaza chati ya dawa.

Hatua ya 1: Anuani

Kila mwanafunzi afungue akaunti yenye jina lake halisi kabla hajakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, iwe ni Bombo, Muheza au Korogwe. Majina ya utani yabaki kwenye akaunti za nyumbani. Akitumia kompyuta ya maktaba, atoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

Hatua ya 2: Lugha na salamu

Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, ila barua nyingi za ofisi za serikali huandikwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi achague lugha anayoitumia mpokeaji, na asichanganye. Swali la shikamoo huzuka kila mwaka. Msimamo wangu ni kwamba barua inayokwenda ofisini ianze na cheo, kisha "Habari za kazi", basi. Mkufunzi anayemfahamu akiandikiwa shikamoo moja si kosa. Kosa ni shikamoo ikifuatwa na maulizo ya familia, mvua na afya.

Hatua ya 3: Waandike ombi la kweli

Usiwape mada ya kubuni isiyo na uzito. Wape jambo litakalowakuta, kama hili:

Yah: Ombi la kubadilishiwa zamu ya Alhamisi, Wadi ya Wazazi

Ndugu Muuguzi Kiongozi,
Habari za kazi.
Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi na ukunga, mwaka wa pili, niliyepangiwa wadi yako. Naomba zamu yangu ya asubuhi siku ya Alhamisi iwe ya jioni, kwa kuwa nina mtihani wa vitendo chuoni saa 3 asubuhi. Mwenzangu wa zamu ya jioni amekubali tubadilishane, na nimemwekea nakala. Nitashukuru nikipata jibu kabla ya Jumanne saa 10 jioni ili nimjulishe mkufunzi wangu.
Wako mtiifu,
(jina kamili, namba ya usajili, chuo, simu)

Waonyeshe kwamba mstari wa "Yah" peke yake unamtosha mtu aliye katikati ya zamu kujua anaombwa nini. Wengi huogopa kumwekea mkubwa muda wa kujibu. Wanaona ni utovu wa adabu. "Nitashukuru nikipata" inatunza heshima, na siku inabaki imetajwa.

Hatua ya 4: Siri ya mgonjwa

Hapa usiwe na haraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Wanafunzi wakishasikia hivyo hufuta jina na kudhani wamemaliza. Kwa hiyo nawapa maelezo haya: mama wa Makorora, miaka 34, mimba ya tatu, kitanda namba 6, presha 160/110, anaumwa kichwa na anaona ukungu. Nawaambia waandike barua pepe kwa daktari bila kumtambulisha.

Wanaondoa mtaa, kwa sababu kwenye mji wetu mtaa na mimba ya tatu vinatosha jirani kumjua. Wanaondoa umri. Baadhi wanaandika vizuri kabisa. Kisha nawauliza: daktari ataisoma saa ngapi? Mama mwenye presha hiyo na dalili hizo anaweza kupata degedege wakati wowote. Hapo haiandikwi barua pepe. Anaitwa daktari sasa hivi, kwa simu au kwa miguu, na mgonjwa haachwi peke yake. Zoezi hili lina jibu moja tu, nalo ni kutokuandika. Sitalibadilisha, kwa sababu anayekamatwa hapa darasani hatakamatwa wadini.

Kwa simu hiyo, wafundishe mpangilio wa SBAR: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini yako, unachoomba. Ulitokana na manowari za jeshi la Marekani, kisha ukaletwa hospitalini na shirika la Kaiser Permanente la hukohuko. Mpangilio huohuo unafaa kwenye barua pepe ya mambo yasiyo ya dharura.

Picha za vidonda na kurasa za faili hazitumwi kwa akaunti binafsi, hata mwalimu akiziomba.

Hatua ya 5: Kabla ya kutuma

Kiambatisho kwanza, anuani ya mpokeaji mwisho, ili barua isiponyoke kabla haijaiva. Aangalie pia kama anajibu mtu mmoja au anawajibu wote.

Hatua ya 6: Kusahihisha

Usianze na kalamu nyekundu. Mpe barua mwanafunzi mwingine aijibu kana kwamba ndiye muuguzi kiongozi. Akilazimika kuuliza "siku gani?" au "wewe ni nani?", barua inarudi kwa mwandishi. Tahajia isahihishwe baadaye, barua ikishajibika.