Namna ya Kukusanya Nyaraka Asilia za Uhandisi wa Safari za Kwanza za Angani

Mtu anayeishi Kampala au Mbarara anaweza kabisa kukusanya nyaraka za wahandisi waliompeleka binadamu angani, mradi asome kwanza kabla ya kununua. NASA, shirika la anga la Marekani, imeweka mtandaoni, bila malipo, ripoti nyingi za kiufundi za miradi yake ya kwanza ya kupeleka watu angani: Mercury, Gemini na Apollo. Zipakue na uzizoee, kwa maana jicho lililozoea ndilo litakalokulinda sokoni.

Chagua mfumo mmoja tu, kwa mfano kompyuta ya uongozaji ya Apollo, iliyobuniwa katika chuo cha MIT na kutengenezwa na kampuni ya Raytheon. Saini za wanaanga nakushauri uziachie wengine: ni ghali, zinaghushiwa sana, na hazisemi lolote kuhusu jinsi chombo kilivyofanya kazi.

Mchoro wa kihandisi ukikufikia, anza na kona ya chini kulia. Hapo pana jina la kampuni, namba ya mchoro, tarehe, na saini za mchoraji na mkaguzi. Mahali pengine pembeni huwa na jedwali la marekebisho, yaliyopangwa kwa herufi A, B, C. Mimi hulithamini jedwali hilo kuliko mchoro wenyewe, kwa sababu ndilo linaloonyesha wahandisi wakibadili mawazo. Kisha linganisha majina na tarehe. Kituo cha NASA cha Houston kiliitwa Manned Spacecraft Center hadi 1973, kilipopewa jina la Johnson. Cape Canaveral, rasi ya Florida ambako vyombo hurushwa, iliitwa Cape Kennedy kuanzia 1963 hadi 1973. Kampuni ya McDonnell, waliounda vyombo vya Mercury na Gemini, waliungana na kampuni ya Douglas mwaka 1967, na mwaka huohuo North American Aviation, waliounda chombo cha Apollo, ikawa North American Rockwell. Kwa hiyo mchoro wa 1965 uliochapwa jina la Rockwell urudishe kwa mwenyewe. Jina la zamani kwenye tarehe ya baadaye kidogo halipaswi kukutisha, kwani fomu zilizokwisha kuchapwa hutumika mpaka ziishe.

Usidharau nakala za kazini. Nyingi zilitolewa kwa dayazo, yaani karatasi iliyokuzwa kwa mvuke wa amonia, na mistari yake ni ya buluu, zambarau au nyeusi. Chini ya kioo cha kukuza, rangi yake imo ndani ya karatasi, ilhali chapa ya kompyuta huonyesha vitone au wino wa unga uliokaa juu.

Muulize muuzaji karatasi ilipitia mikono ya nani, na upate jibu kwa maandishi. Sheria ya Marekani ya 2012 iliwathibitishia wanaanga wa enzi hizo umiliki wa vitu walivyobaki navyo, lakini haiwagusi wahandisi wala wafanyakazi wengine.

Kuhifadhi ndiko kugumu zaidi kwetu, hasa karibu na ziwa. Tumia majalada yasiyo na asidi, weka dayazo mbali na karatasi nyingine kwa sababu huzitia madoa, uzifiche mwanga, na uziinue juu ya sakafu na mbali na kuta ambako mchwa hupanda. Karatasi ikichanika, usibandike selotepu, na kamwe usiipeleke Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, ikapigwe laminesheni, kwani madhara ya joto na gundi hayaondoki tena. Ipige picha ikiwa imelala bapa, kisha uandike namba ya kumbukumbu nyuma kwa penseli laini.